Kwa Gari Mpaka Chalbi na Ziwa Turkana: Mwongozo Kamili kwa Wastaafu Wawili

Wenzangu niliostaafu nao bandarini Mombasa walijenga vyumba vya kupangisha. Mimi na mke wangu, aliyekuwa muuguzi kwa miaka 34, tulitia shokomzoba mpya kwenye Land Cruiser yetu kuukuu ya dizeli tukashika njia ya kaskazini: Nanyuki, Isiolo, Marsabit, jangwa la Chalbi, North Horr, Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana, kisha tukarudi kwa kupitia Laisamis. Siku 16, mlango hadi mlango. Tumeshakwenda mara mbili, na watoto wameacha kuulizana wazee wameingiwa na nini. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia wastaafu wenzangu wanaonishika mkono nikitoka msikitini, wakitaka kujua njia.

Jambo moja litangulie. Safari hii haiongozwi na mwenye usukani peke yake. Baada ya yaliyotupata Chalbi mara ya kwanza (nitafika huko), tuliwekeana sharti: yeyote kati yetu akisema "turudi", gari linageuzwa, na hakuna kujadiliana mpaka chai ya usiku. Wekeaneni sharti hilo mkiwa bado sebuleni. Mkishakuwa njiani, joto limepanda na mgongo unauma, hakuna mume na mke wanaoweza kutunga sheria wakaelewana.

Chagua mwezi kabla ya kugusa gari

Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka. Kwa Wagabra, wafugaji wa huko, jina lenyewe lina maana ya mahali patupu penye chumvi. Mvua ikinyesha, maji ya milima ya karibu huteremkia pale pale, na uwanja uliokuwa mgumu kama sakafu ya saruji hugeuka tope la kumeza gari zima. Kwa hiyo masika, Machi hadi Mei, hapana. Vuli, Oktoba hadi Desemba, hapana. Januari na Februari ni pakavu lakini joto halimwonei huruma mtu wa miaka 60 na kitu. Sisi huenda Julai na Agosti, wakati wa kipupwe kule kwetu pwani. Upepo huwa mkali, vumbi ni la kutosha, lakini mchana unavumilika.

Hata msimu ukiwa sawa, ukifika Marsabit uliza kama mvua imenyesha wiki zile. Inaweza kunyesha kwenye vilima vya Hurri ambako hukuiona, na wewe ukayakuta maji yake bondeni chini ya jua kali.

Mwili ukaguliwe kabla ya gari

Hapa namwachia mke wangu, maana mimi ningepita mbio. Kauli yake ni kwamba mzee hasikii kiu kama kijana. Mwili unaishiwa maji na ulimi haujasema lolote. Kwa hiyo hatunywi kwa kiu, tunakunywa kwa saa: kikombe kila nusu saa gari likiwa linakwenda, na mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, gari linasimama kivulini.

Mwezi mmoja kabla ya safari mwone daktari mkiwa na dawa zenu zote mkononi. Wengi wetu wa presha tunapewa vidonge vinavyotoa maji mwilini, na jangwani vidonge hivyo na joto hufanya kazi moja. Usiviache wala kuvipunguza kwa uamuzi wako. Muulize daktari ufanyeje, na mwambie ni jangwa, usimwambie ni "matembezi". Beba dawa za siku mara mbili ya zile za safari, ugawe kwenye mifuko miwili tofauti. Kila mmoja awe na karatasi mfukoni yenye majina ya dawa zake na vipimo. Na miwani ya pili. Mimi nilivunja yangu Archers Post, nikasoma ramani siku tatu kwa kukunja uso.

Mke wangu anachoma insulini. Chupa zisizofunguliwa zinataka ubaridi wa friji, na barafu haifai kabisa, kwa kuwa insulini ikiganda imeharibika. Tulitumia vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa chenye maji juu. Tulipokijaribu nyumbani Mombasa kilitukatisha tamaa, maana hewa yetu imejaa unyevu na maji hayakauki. Karibu tukiache. Kule Maikona, kwenye upepo mkavu, ukitia mkono ndani unahisi ubaridi wa kisima. Hakilingani na friji, lakini kinaiokoa ile chupa inayotumika kwenye joto la mchana. Zile za akiba tuliziweka kwenye friji ndogo inayotumia umeme wa gari.

Chumvichumvi za kuongeza maji mwilini zinunuliwe dukani, pakiti 20. Zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukizidisha chumvi unadhuru, kwa hiyo pima, usikadirie.

Na lile ambalo watu huona haya kuuliza: choo. Chukua ndoo yenye mfuniko, kanga mbili pana na vibanio vya nguo. Fungua milango miwili ya upande mmoja, banika kanga katikati, hapo una faragha hata pasipo mti. Mtu anayejizuia kunywa maji kwa sababu anaogopa kutafuta choo ndiye atakayeanguka kwanza.

Gari

Lisiwe jipya, liwe la kujulikana. Fundi wa Isiolo na Marsabit anazifahamu Land Cruiser na Hilux kama anavyowafahamu wanawe, na spea zake zipo. Gari la kisasa lenye kompyuta nyingi likigoma Kalacha litakaa Kalacha.

Kabla ya kuondoka badilisha mipira ya rejeta, fan belti na betri kama zimezeeka, kisha zile kuukuu zinazofanya kazi bado zibebe kama akiba. Matairi ya akiba yawe mawili, si moja. Ongeza vifaa vya kuziba pancha, kompresa ya kujaza upepo, kipimo cha upepo, beleshi, kamba ya kuvutia, vipande viwili vya ubao mnene wa kuweka chini ya jeki na chini ya magurudumu. Mbao hizi utacheka ukizipakia. Hutacheka baadaye.

Upepo wa matairi ndio elimu kubwa. Kwenye lami sisi tunatembea na 38 hivi (kwa psi, zile namba za kwenye kipimo cha upepo). Kwenye changarawe yenye mikunjo kama bati tunashusha mpaka 28, na meno yanatulia mdomoni. Kwenye mchanga laini, 18 au 20, na mwendo wa polepole. Lakini mawe meusi ya volkano, ambayo yametapakaa kuanzia Marsabit mpaka ziwani, yanakata ubavu wa tairi lililolegea kama wembe. Hapo usiteremke chini ya 28, punguza mwendo tu. Ukirudi kwenye barabara ngumu, jaza tena kabla hujakanyaga mafuta.

Hesabu ya mafuta na maji

Kutoka Marsabit kuzunguka North Horr, Loiyangalani, Sarima mpaka Laisamis ni karibu kilomita 550. Gari letu, ambalo kwenye lami linakula lita 12 kwa kilomita 100, kule tunalihesabia 18. Hiyo ni lita 99. Tangi letu linabeba 90, tukaongeza madumu mawili ya lita 20: jumla 130, na thelathini na ushei za kupotea njia. Utaona watu wanauza dizeli kwa madumu North Horr na Loiyangalani. Nunua ukihitaji, ichuje kwa kitambaa, lakini usiiweke kwenye hesabu yako. Jaza Isiolo, jaza tena Marsabit, basi.

Maji ni lita tano za kunywa kwa kila mtu kwa siku. Siku tatu za njia, siku tatu za akiba, watu wawili: lita 60. Ziweke kwenye madumu sita ya lita kumi. Dumu moja likipasuka umepoteza kumi, na kwa migongo yetu, dumu la kumi unalinyanyua mwenyewe bila kumwita jirani ambaye hayupo. Lita 20 nyingine ni za kuoshea na za rejeta.

Chakula hakitaki maneno mengi. Tende, karanga, mchele, dengu, samaki mkavu aliyefungwa vizuri (mimi nilimfunga vibaya), mahamri ya siku mbili za mwanzo. Majani ya chai na sukari beba zaidi ya mahitaji yako. Utaelewa kwa nini.

Njia, siku kwa siku

Tunapanga kwa saa. Kilomita hazituambii kitu. Injini inawaka saa kumi na mbili asubuhi. Saa tano tunatafuta kivuli, tunapika, tunaswali, tunalala kidogo. Saa tisa tunaendelea, na saa kumi na moja jioni gari limezimwa, liwalo na liwe. Usiku hatuendeshi kabisa: ngamia hana taa, na mwili wake unaingia moja kwa moja kwenye kioo.

Mombasa mpaka Nairobi ni kilomita 480 hivi, na malori utayakuta hujapata kuyaona mengi namna hiyo. Tulilala Mtito Andei, tukalala Nairobi, tukalala Nanyuki. Vijana hufika Isiolo kwa siku moja na nusu. Sisi tulikuwa na haraka gani? Nanyuki nunua matunda na mboga, na usiku vaa sweta.

Isiolo ndio mlango. Ukivuka daraja la Ewaso Ng'iro pale Archers Post, mlima Ololokwe unajitokeza kushoto kama jahazi lililopinduliwa, na kuanzia hapo miti inapungua kila ukitazama. Barabara yote mpaka Marsabit ni lami safi, kilomita 260 hivi. Wanaoikumbuka kabla ya lami husimulia misafara ya malori yenye askari na siku mbili za vumbi. Leo ni saa nne, na hatari kubwa ni usingizi.

Marsabit kaeni siku mbili. Mji uko juu ya mlima wenye msitu na ukungu, na mwili unapata kupumzika kabla ya kuteremka kwenye tanuri. Ingieni hifadhini mkaone ziwa Paradise lililo ndani ya kreta. Sisi tuliosoma miaka ya 1970 tunamkumbuka Ahmed, ndovu mwenye pembe za kugusa ardhi, aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 akafa 1974. Alikuwa wa mlima huu. Ada za KWS, shirika la wanyamapori, hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya serikali, si taslimu. Maliza malipo mjini penye mtandao mzuri.

Hapo Marsabit fanya mambo matatu bila kuruka. Nenda kituo cha polisi uulize hali ya usalama ya kila kipande cha njia, hadi Laisamis, na uandikishe safari yako. Pili, tafuta kijana Mgabra anayeijua Chalbi, apendekezwe na wenye nyumba ya wageni, mkubaliane malipo pamoja na nauli yake ya kurudi. Tatu, piga simu nyumbani, acha ratiba kwa watu wawili na uwaambie: saa 24 zikipita bila habari tangu tulipoahidi kupiga, pigeni hiki kituo. Mtandao wa simu upo kwenye vituo vikubwa na unapotea katikati, kwa hiyo pakua ramani mapema.

Mara ya kwanza, hilo la pili nililiruka.

Chalbi

Njia inakwenda Bubisa, Maikona, Kalacha, kisha North Horr. Kalacha kuna chemchemi na minazi ya jangwani, yaani mikoma, na ngamia kwa mamia jioni wakija kunywa. Tulilala hapo. Asubuhi tukaingia uwanjani.

Njia za magari ziko nyingi sambamba, zinaachana na kukutana. Mimi nikaona upande wa kulia ni peupe, laini, hakuna alama ya gurudumu hata moja, nikajiambia wenzangu wote ni wajinga. Mbele mazigazi yalikuwa yameleta bahari nzima, na mtu wa Mombasa akiona bahari anajisikia nyumbani. Mke wangu akanigusa goti. "Mzee, hapo mbele rangi si moja. Kama chapati iliyoloa." Nikasema ni kivuli. Mawingu hayakuwepo.

Ardhi ya Chalbi penye unyevu ni kama sufuria ya wali: juu ukoko, chini uji. Ukoko ulipasuka kwa sauti ndogo tu, mfano wa kaki, na gari likainama mbele taratibu kama linalosujudu. Nikakanyaga mafuta. Hilo ndilo kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Magurudumu yakachimba mpaka ekseli ikakaa juu ya tope la rangi ya majivu, lenye harufu ya chumvi na mayai yaliyoharibika.

Ikikupata, fanya hivi. Zima injini. Mtu mmoja apumzike kivulini, mwingine aangalie. Kunywa maji kabla ya kushika beleshi. Shusha upepo wa matairi yote manne mpaka 15. Chimba mbele ya kila gurudumu mteremko wa kutokea, na chini ya tumbo la gari palipogusa. Weka jeki juu ya ubao, nyanyua gurudumu moja moja, tia ubao wa pili chini yake pamoja na majani, mazulia ya gari, chochote. Toka kwa kurudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, maana ndipo ardhi iliyokwisha kukubeba. Gia ya chini, mguu mwepesi, bila kusimama mpaka ufike pagumu.

Na kama halitoki, usiliache gari. Mtu anayetembea Chalbi mchana haonekani, gari linaonekana. Lala chini ya kivuli chake, kunywa, ngoja.

Sisi tulingoja saa mbili. Akatokea mzee mwenye ngamia saba, akatuzunguka mara moja, akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Nagaa," nikamsalimu, ndilo neno pekee nililokuwa nalo. "Nagaa," akajibu, akachukua beleshi mkononi mwangu. Alichimba kwa nusu saa kile nilichochimba kwa saa nzima. Kisha akanionyesha kwa fimbo: alama za magari, mavi ya ngamia, twende hapo, peupe pasipo kitu, tusiende. Nikatoa pesa, akatikisa kichwa. Akaonyesha birika letu. Tukampa majani ya chai na sukari, akaomba na tumbaku, nasi hatukuwa nayo. Safari ya pili tulikuwa nayo.

North Horr mpaka ziwani

North Horr pana chemchemi, maduka na kituo cha polisi. Uliza upya hali ya njia. Kutoka hapo mpaka Loiyangalani kuna karibu kilomita 95 za mchanga, kisha mawe. Tulitumia siku nzima, tukapata pancha mbili. Halafu barabara inapanda kidogo na ziwa linatokea, rangi ya kijani kibichi katikati ya mawe meusi, na mke wangu akanyamaza kwa muda ambao sijawahi kuuona tangu tuoane.

Ziwa Turkana ni ziwa la jangwani lililo kubwa kuliko yote ya kudumu duniani. Lisikudanganye. Maji yake yana magadi, si ya kunywa, na mamba wamejaa. Maji ya chemchemi za mjini ndiyo ya kutumia, nasi tunayachemsha hata hivyo.

Usilale hemani ufukweni. Jioni upepo hushuka kutoka mlima Kulal na kuvuma usiku kucha kwa nguvu ya kung'oa vigingi. Chukua chumba chenye kuta, au jengo la mikoma ambalo wenyeji wamelifunga kwa kamba. Egesha gari pua ikielekea upepo, usije ukafungua mlango ukang'oka bawaba.

Hapa wanaishi Waelmolo, Waturkana, Wasamburu na Warendile. Vijijini kwa Waelmolo nenda na mwenyeji, ulipe ada yao kwa wazee wenyewe, usipige picha ya mtu kabla ya kukubaliana. Kiswahili kinafika mbali mjini. Beba noti ndogondogo. M-Pesa inategemea mtandao, na mtandao unategemea upepo.

Kurudi

Watakuambia njia nzuri ya kurudi ni Baragoi na Maralal. Kwa mandhari ni kweli. Lakini sehemu zile zimekuwa na wizi wa mifugo wenye silaha. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa bonde la Suguta karibu na Baragoi. Kuna miezi ya utulivu na kuna isiyokuwa hivyo. Mara zote mbili polisi wa Loiyangalani walitushauri Laisamis, nasi hatukubishana.

Hiyo ndiyo barabara iliyotengenezwa upya, kilomita 208 kati ya Laisamis na Sarima, ili malori yapitishe mitambo ya umeme wa upepo. Utaipita mitambo yenyewe, 365, imesimama safu kwa safu. Mkilala South Horr, chini ya mlima Nyiro, mtapata kivuli cha miti mikubwa na maji yanayotiririka, na mtashangaa kwamba jana mlikuwa kwenye mawe. Changarawe ni nzuri, ndiyo maana inaua: watu wanakimbia, tairi linapasuka, gari linabingirika. Sisi hatuzidishi 60.

Laisamis kaza nati zote za magurudumu, jaza upepo wa lami, zoeza jicho mwendo wa mabasi.

Ukifika mji wa kwanza wenye maji mengi, osha gari chini, si juu. Chumvi ya Chalbi inajificha kwenye springi na ndani ya chesi, na ukiiacha mpaka nyumbani itakula chuma kimyakimya. Muoshaji wa Nanyuki alitumia saa nzima chini ya gari letu, akatoka akiwa mweupe mpaka kwenye nyusi. "Mzee, hii ni unga ama nini?" Mke wangu akamwambia alambe aone. Akalamba.